Sakafu Iliyomwagwa Vibaya: Ipime Kwanza, Ndipo Uamue Kukarabati au Kubomoa

Kila asubuhi nilifagia sebule, na kila asubuhi ufagio ulikusanya unga ule ule wa kijivu. Nilidhani ni vumbi la nje, maana Kigamboni upepo wa bahari haulali. Nikafunga madirisha siku tatu mfululizo. Unga ukabaki pale pale, ndipo nilipojua kwamba sakafu yenyewe ndiyo inayojisaga. Haukupita mwezi, mguu wa kitanda ukatoboa niru, lile tabaka jembamba la simenti laini la juu, katika chumba cha watoto, na chini yake nikakuta mchanga unaochoteka kwa kidole.

Karibu kila niliyemweleza alinipa ushauri mmoja: weka marumaru, yatafunika. Nakuomba usiufuate. Marumaru hushikwa na kilicho chini yake. Kilicho chini kikibomoka, yanang'oka nacho, na wewe umeshalipa mara mbili. Haya ni mambo niliyoyafanya mwenyewe chumba kwa chumba, nikisaidiwa na fundi mmoja mzee wa Mbagala ambaye amemwaga sakafu tangu ujana wake.

Jua ugonjwa uko tabaka gani

Nyumba nyingi za kwetu zina tabaka tatu chini ya mguu. La chini kabisa ni kifusi, yaani udongo, mchanga au mawe yaliyojazwa ndani ya msingi na kushindiliwa. Juu yake ni jamvi, zege la kokoto lenye unene wa kama sentimita 10. Mwisho ni sakafu ya kumalizia, mchanganyiko wa mchanga na simenti wa sentimita 4 hadi 5, ambao hupakwa niru au huwekwa marumaru.

Kasoro ya kila tabaka ina tiba yake. Unga na niru inayobanduka mara nyingi ni kosa la sakafu ya juu. Mlio wa utupu ni sakafu ya juu kutoshikana na jamvi. Chumba kinachozama upande mmoja, au ufa mpana unaokwenda kutoka ukuta hadi ukuta, hapo tazama jamvi na kifusi. Ukitibu tabaka lisiloumwa, fedha imepotea.

Nitoe tahadhari moja mapema. Yote ninayoyaeleza hapa ni ya sakafu iliyolala juu ya ardhi. Kama ni sakafu ya ghorofa, usigonge tindo wala kukata chochote kabla hujamwita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Zege lile linabeba watu, na nondo zake haziguswi kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza: vipimo vya nyumbani

Chukua chaki, msumari mkubwa, nyundo ndogo, glasi ya maji, rula ya alumini ya mita 2, kipande cha nailoni nzito na utepe mpana wa gundi. Toa vyombo vyote chumbani. Chora ramani ya chumba kwenye daftari, maana kesho hutakumbuka ni kona ipi.

Anza na msumari. Kwaruza sakafu kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Sakafu nzuri inabaki na alama nyeupe tu. Ukichimba mfereji na mchanga ukatoka, uso ni dhaifu. Kwaruza tena ndani ya mfereji huo: ukifika kwenye kitu kigumu baada ya milimita moja au mbili, ugonjwa ni wa juu juu, ukizidi kuingia kama unakwaruza kashata, tabaka lote limeoza.

Kisha maji. Dondosha matone machache sehemu mbalimbali. Yanayonyweka papo hapo yanaonyesha sakafu yenye matundu mengi, na chanzo cha kawaida ni maji kuzidi wakati wa kuchanganya au sakafu kuachwa bila kumwagiliwa.

Kugonga ndiko kulikonifungua macho. Fundi mzee alipiga magoti mlangoni, akageuza mwiko wake na kuanza kugonga kwa kishikio, hatua kwa hatua, hadi ukuta wa pili. "Sikiliza, mama," akaniambia. "Hapa pamekamata. Hapa pananing'inia." Sauti ya kwanza ilikuwa fupi na nzito, ya pili ilikuwa na mwangwi, kama kugonga ndoo tupu. Nilipita nyuma yake na chaki nikizungushia kila penye utupu. Tulipomaliza sebule, karibu nusu ya chumba ilikuwa na duara za chaki. Gonga kila sentimita 20 au 30, na usiruke kona na milango, kwa sababu utupu mara nyingi huanzia kwenye kingo.

Kwa levo, laza rula ya mita 2 sakafuni kila upande na utazame mwanga chini yake. Viwango vya Uingereza vya sakafu vinakubali mwachano wa milimita 3 kwa kazi ya hali ya juu, 5 kwa kazi ya kawaida, na 10 pale ambapo usawa hauna umuhimu mkubwa. Mimi nilipata milimita 22 mbele ya mlango wa jiko. Kujua kama chumba kizima kimelala upande mmoja, tumia mpira wa maji unaoonekana ndani, uujaze maji, uhakikishe hauna mapovu ya hewa, uweke alama ukutani pale maji yanapofika kwenye kila kona, kisha upime kutoka alama hadi sakafuni.

Mwisho, unyevu. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni pande zote nne isiingie hewa, uiache angalau saa 16. Ukiibandua ukakuta matone au ukungu upande wa chini, au sakafu imekuwa nyeusi pale, maji bado yanapanda.

Nyufa zinahitaji subira

Ufa unatisha kuliko unga, lakini mara nyingi una hatari ndogo zaidi. Zege husinyaa likikauka, na nyuzi nyembamba kama unywele zilizotawanyika mithili ya utando wa buibui ni matokeo ya jua na upepo kunyonya maji ya juu haraka. Hizo haziangushi nyumba.

Ukingo wa kadi ya benki ukiingia, ufa umekaribia milimita 0.8, na huo ufuatilie. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe, kisha paka juu yake kipande kidogo cha simenti nyembamba kinachovuka kutoka upande hadi upande. Subiri, na kama unaweza subiri masika yapite. Kipande hicho kikikatika au ufa ukivuka alama, ardhi inatembea. Pitisha pia kidole juu ya ufa: kama upande mmoja umekuwa chini kuliko mwingine, jamvi limekosa kinachoubeba upande huo.

Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na sehemu za Mwanza, wawe makini zaidi hapa. Udongo ule huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na hakuna kiraka cha juu kitakachoushinda.

Hatua ya pili: zungumza na aliyeifanya kazi

Kabla ya kubomoa hata sentimita moja, piga picha za duara zote za chaki pamoja na rula, kisha umwite fundi aliyemwaga. Mwache agonge mwenyewe. Niligundua kwamba ukimwonyesha mtu kwa nyundo mkononi, ugomvi unapungua, kwa sababu mlio hauna upande. Fundi wangu wa kwanza alikubali kurudia nguvu kazi ya chumba kimoja, mimi nikanunua simenti. Haikuwa haki yangu yote, lakini ilikuwa zaidi ya ambacho ningepata kwa kufoka.

Na kwa kazi inayofuata, yeyote utakayempa, bakiza sehemu ya malipo hadi siku ya kugonga, angalau wiki nne baada ya kumwaga. Mkubaliane hilo mwanzoni, mbele ya shahidi, na mliandike.

Hatua ya tatu: tiba kwa kila ugonjwa

*Unga wa juu juu.* Kama msumari ulikutana na ugumu baada ya milimita moja au mbili, sakafu inaokolewa. Sugua uso kwa grainda yenye diski ya almasi au kwa brashi ya waya hadi uone chembe za mchanga zilizoshikana. Osha, iache ikauke, kisha paka dawa ya kukaza zege yenye sodiamu silikati kwa kufuata maelekezo ya kopo. Dawa hiyo huungana na chokaa iliyobaki ndani ya zege na kuziba matundu. Haiwezi kufufua sakafu iliyooza hadi chini, kwa hiyo usiuziwe matumaini.

Usijaribu kupaka niru mpya nyembamba juu ya sakafu kavu inayotoa unga. Itakaa wiki chache kisha itabanduka kama ganda la yai, nawe utarudi ulikoanza.

*Utupu.* Duara moja dogo kwenye kona isiyokanyagwa unaweza kuliacha. Zikiwa nyingi au zikiwa njiani, ng'oa. Kata kwa grainda mraba unaozidi duara kwa sentimita 10 kila upande, kingo ziwe wima, kisha ondoa kwa tindo na nyundo. Usianzie katikati kwa nyundo kubwa, maana utatikisa na sehemu iliyokamata. Kama utupu umezidi nusu ya chumba, kama sebule yangu, ondoa chote. Viraka kumi na tano katika chumba kimoja ni nyufa kumi na tano za baadaye.

*Nyufa zilizolala.* Ziwe zimefuatiliwa na zimetulia. Ufa mwembamba acha au jaza kwa simenti laini iliyochanganywa na gundi ya zege. Ufa mpana ufungue kwa diski uwe mfereji wa sentimita moja, fyonza au puliza vumbi lote, ujaze epoksi, gundi ngumu inayochanganywa kutoka vikopo viwili. Ufa unaotembea usiujaze kwa kitu kigumu. Utapasuka pembeni yake. Huo tafuta chanzo.

*Mabonde na vilima.* Kilima sugua. Bonde la milimita chache linaweza kujazwa na simenti ya kujisawazisha inayouzwa kwenye mifuko, ila tu kama chini yake pamegongwa pakaitika vizuri. Bafuni na chooni kinyume chake: kule hutaki usawa, unataka maji yakimbilie tundu, kama sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji uone yanapotuama kabla hujaruhusu marumaru.

*Unyevu na chumvi.* Unga mweupe unaorudi kila ukifuta ni chumvi inayobebwa na maji. Anza nje: je, maji ya paa yanamwagika kwenye msingi? Je, ua uko juu kuliko sakafu? Rekebisha hapo kwanza. Kama hakuna nailoni chini ya jamvi, unyevu hautaisha kabisa bila kulivunja jamvi. Marumaru yaliyowekwa kwa gundi ya simenti yanavumilia hali hiyo kuliko kapeti ya plastiki au mbao, ambazo zitavimba na kuota ukungu. Na mchanga wa ufukweni usiingie nyumbani kwako, hata ukiletwa bure.

*Jamvi lililozama.* Hapa hakuna dawa nyingine. Vunja eneo lililozama, toa kifusi kilicholegea, na tazama kama kuna bomba linalovuja au njia ya mchwa. Jaza upya kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ilowane kiasi na ishindiliwe hadi kisigino kisiache alama. Kifusi kilichomwagwa chote kwa mara moja na kushindiliwa juu tu ndicho chanzo cha majamvi mengi kuzama. Neno lenyewe "sakafu", katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, lilikuwa la tabaka la chokaa na mawe lililopondwa kwa watu wengi waliopiga kwa pamoja kwa vipondeo vya mbao huku wakiimba. Hawakuwa na mashine, lakini walijua kwamba kupiga ndiko kunakoshikanisha.

Juu ya kifusi laza nailoni ya geji 1000, zipishane sentimita 30, ndipo umwage jamvi. Acha mwachano kwenye kuta, na kama chumba au korido ni ndefu, kata mstari kila mita 2.5 hadi 3, kina cha robo ya unene, kesho yake baada ya kumwaga. Zege lazima lipasuke mahali. Afadhali uchague wewe.

Hatua ya nne: kumwaga upya

Hii ndiyo hatua niliyoisimamia kwa miguu yangu mwenyewe, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi kuliko zote.

Pima mchanga kwanza. Jaza chupa ya plastiki nusu yake mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, rudisha lori.

Chumba changu ni mita 3 kwa 3.5. Kwa sakafu ya sentimita 5, mchanganyiko wa simenti moja kwa mchanga nne, kilihitaji mifuko 4 ya kilo 50 na ndoo 28 za lita 20 za mchanga, yaani ndoo 7 kwa kila mfuko. Kama ningemwaga jamvi jipya la sentimita 10 kwa uwiano wa moja, mbili, nne, ingekuwa mifuko 7, na kila mfuko ungepewa ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Hesabu kwa ndoo iliyosawazishwa juu, usikubali koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana, kibarua akiwa amechoka, hayalingani.

Maji ndiyo vita kubwa. Kwa zege la jamvi usizidishe lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Saidia fundi atataka kuongeza kwa sababu zege la majimaji halichoshi mikono. Kila lita ya ziada ikikauka inaacha tundu lake, na hayo matundu ndiyo unga niliokuwa nafagia. Kwa sakafu ya kumalizia, finyanga donge kwa mkono: libaki donge, na maji yasichuruzike katikati ya vidole.

Andaa jamvi siku moja kabla. Lichokonoe kwa tindo liwe na mikwaruzo, ondoa niru, mafuta na rangi, fagia, osha, kisha lilowanishe usiku kucha. Asubuhi liwe limeshiba maji lakini hakuna dimbwi. Koroga simenti na maji yaliyochanganywa na gundi ya zege aina ya SBR, iwe nzito kama uji wa mtoto, uisugue kwa brashi ngumu kwenye eneo dogo, na umwage sakafu juu yake ikiwa bado mbichi. Uji huo ukikauka kabla ya kufunikwa, unakuwa ngozi inayotenganisha badala ya kushika. Sebule yangu ilipomwagwa mara ya kwanza ilipata utupu kwa sababu walipaka chumba kizima kisha wakaenda kula.

Weka vipande vya levo vya kuongoza rula kila mita moja na nusu, mwaga, shindilia, vuta rula, sugua kwa ubao. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja juani usiongezewe maji uwe laini tena, tupa. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, anza alfajiri na uzibe madirisha.

Kama unataka niru, ipakwe siku hiyo hiyo sakafu ikiwa imeanza kukaza, ikiwa simenti iliyokorogwa na maji, ikandamizwe kwa mwiko wa chuma. Maji yakielea juu, subiri yapotee. Usiruhusu mtu kunyunyiza simenti kavu ili kuyanyonya, hata akikwambia ndivyo alivyofundishwa. Inatengeneza ganda gumu juu ya tabaka bichi, na ganda hilo ndilo lililotobolewa na mguu wa kitanda.

Wakati wote huo vaa buti na glavu. Zege bichi linachoma ngozi polepole, wala huhisi hadi jioni. Unapokata au kusugua, lowanisha na uvae barakoa nzuri, kwa kuwa vumbi lake laini linadhuru mapafu, na watoto wawe kwa jirani.

Hatua ya tano: mwagilia, halafu subiri

Kesho yake, sakafu ikiweza kukanyagwa bila alama, funika kwa magunia yaliyolowa au nailoni, na uihifadhi mbichi siku 7 bila kukosa. Kumwagilia asubuhi na kuiacha ikauke mchana hakutoshi. Mimi nilitengeneza kingo ndogo za mchanga mlangoni nikajaza maji ya kimo cha kidole.

Usiingize kabati wala ngazi za fundi wa dari kabla ya wiki moja. Nguvu inayohesabiwa ya zege ni ya siku 28, na siku hiyo ndiyo ya kugonga tena chumba kizima, wewe na fundi, kabla ya kumalizia malipo. Kukauka ni jambo jingine: sakafu hukauka kwa takribani milimita moja kwa siku ikiwa na hewa ya kutosha, na jamvi nene huchukua miezi. Rudia kipimo cha nailoni kabla ya kubandika chochote. Ukifika kwenye marumaru, acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 pembeni mwa kuta, skadi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaifunika.

Sebule na chumba cha watoto vimeitika vizuri kote. Chumba cha tatu nilikimwaga mwezi uliopita. Nailoni niliyobandika jana imeamka na ukungu, kwa hiyo katoni za marumaru zitabaki kibarazani, na nitapima tena baada ya wiki mbili.